Mtoto wa Mbwa Nyumbani

1. Mbwa katika nchi ya Mbulu na Hanang

Katika wilaya za Mbulu na Hanang ni shida kupita penye zizi la ng'ombe usisikie mbwa akibweka. Wairaqw hulima mahindi na maharagwe katika vilima vya Mbulu, nao hufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Wadatoga huchunga makundi yao katika nyanda zilizo chini ya Mlima Hanang, ambao kilele chake chapita mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Watu hawa wote wana adui mmoja, naye ni fisi. Fisi huja usiku, wakati watu wamelala na moto umezimika. Mwenye nyumba hasikii nyayo zake, wala hasikii harufu yake. Lakini mbwa husikia, kwa kuwa masikio yake hushika sauti ambazo sikio la mtu haliwezi kuzishika, na pua yake hutambua harufu iliyo mbali. Hapo hubweka, na watu huamka wakashika mikuki na marungu.

Basi mbwa ni mlinzi. Lakini mlinzi hazaliwi mlinzi. Kwanza huwa kitoto kidogo kipendacho kucheza, kukimbia, kuuma viatu na kufukuza kuku. Katika somo hili tutatazama jinsi ya kumlea mtoto wa mbwa, na tena tutajifunza jambo moja kubwa ambalo kila mtoto mwenye mbwa hana budi kulijua, maana limewaua watu wengi ambao wangaliweza kupona.

2. Siku za kwanza

Mbwa jike huchukua mimba siku zipatazo 63. Watoto wake huzaliwa macho yamefumba na masikio yameziba. Macho hufumbuka baada ya siku 10 hadi 14, na katika juma la tatu huanza kutembea kwa kuyumbayumba. Si vema kumtenga mtoto wa mbwa na mama yake kabla hajatimiza majuma 8. Katika majuma hayo hunyonya, na tena hujifunza adabu. Akimwuma nduguye kwa nguvu, ndugu hulia na kuacha mchezo. Hivyo hutambua kwamba meno yana kipimo.

Mtoto wa mbwa aletwapo nyumbani, usiku wa kwanza hulia sana. Usimpige kwa kulia kwake. Analia kwa sababu hajapata kulala peke yake, na usiku wa Mbulu una baridi kali. Mtandikie gunia kuukuu au majani makavu, mahali pasipo upepo wala mvua. Ukiweza, omba kwa mwenye mama yake kitambaa walicholalia pamoja, ukiweke hapo. Harufu ya mama humtuliza.

Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo apewe chakula kidogo mara 3 au 4 kwa siku. Ugali laini uliochanganywa na maziwa au mchuzi wa dagaa wamfaa. Mchuzi wenye vitunguu usimpe, kwa maana vitunguu huharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo usimpe, kwa kuwa hupasuka vipande vyenye ncha vikamchoma kooni na tumboni. Maji safi yawepo siku zote. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama mtu. Hupoza mwili wake kwa kuhema na kutoa ulimi, na kwa kuhema huko hupoteza maji mengi.

3. Kumfunza

Wahenga walisema: Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa mbwa hujifunza upesi mno katika miezi yake mitatu ya kwanza. Atakayoyaona wakati huo bila hofu hatayaogopa akiwa mkubwa. Kwa hiyo azoezwe mapema kuona watu wageni, punda, ng'ombe, baiskeli, na watoto wanaokimbia.

Mwite kwa jina moja tu, na akija umsifu. Akiisha kuamka, kula, au kucheza, mpeleke nje palepale alipozoea kujisaidia. Akijisaidia hapo umsifu tena. Akichafua ndani, kumpiga hakufai kitu, kwa sababu hakumbuki kosa lililopita. Hujifunza tu kukuogopa.

Tena atatafuna. Atatafuna viatu vya baba, mshipi, fimbo, na pengine daftari la shule. Hafanyi hivyo kwa uovu. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto, na tangu mwezi wa nne hivi mpaka wa saba hung'oka, yakaota meno 42 ya utu uzima. Wakati huo fizi zake humwasha. Mpe kipande cha ngozi ngumu au kamba nene atafune, na viatu viwekwe juu.

Akikuuma mkono katika mchezo, usipige kelele za kufurahi, wala usikimbie, maana kukimbia kwako ndio mchezo anaoutaka. Simama kimya kama mti, ficha mikono, usimtazame. Akitulia, ndipo uendelee kucheza. Kwa njia hiyo unafanya kama nduguye alivyofanya: ukiuma, mchezo umekwisha.

Kuku na wanakondoo hao ni mtihani mkubwa. Mfunge kamba, keti naye karibu yao, umsifu akitulia. Fanya hivyo kila siku mpaka awaone kuwa ni jamaa wa nyumbani. Mbwa aliyeachwa afukuze kuku akiwa mdogo ataua kondoo akiwa mkubwa.

4. Usafi

Watoto wengi wa mbwa huzaliwa na minyoo waliyoipata tumboni mwa mama yao. Tumbo huvimba, manyoya hukosa mng'ao, na mtoto hakui. Bwana mifugo anayo dawa yake.

Iko minyoo mingine midogo sana ambayo mbwa huipata kwa kula maini na mapafu mabichi ya kondoo, mbuzi au ng'ombe yenye vifuko vya maji ndani yake. Mayai ya minyoo hiyo hutoka katika kinyesi cha mbwa, hushika katika manyoya yake, na mtoto amshikaye mbwa kisha akala bila kunawa huyameza. Vifuko vilevile huota polepole katika ini au pafu la mtu, na pengine vyahitaji kupasuliwa na daktari. Basi siku ya kuchinja, usimtupie mbwa maini wala mapafu yenye vifuko. Yachomwe moto au yafukiwe shimo refu. Nawe unawe mikono kwa sabuni kila uishapo kucheza na mbwa.

5. Kichaa cha mbwa

Sasa tumefika kwenye jambo lile kubwa. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa uletwao na vijidudu vidogo mno viitwavyo virusi, visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Akiuma, mate huingia katika jeraha. Huko virusi haviendi upesi katika damu, bali husafiri polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo kwa mtu huchukua mara nyingi mwezi 1 hadi 3, na muda wote huo mtu hujiona mzima. Lakini virusi vikiisha kufika kwenye ubongo na dalili zikaanza, karibu hakuna mtu apataye kupona. Mgonjwa huhangaika, hushindwa kumeza, na wengi huogopa hata kuona maji katika kikombe.

Wengi hudhani mbwa mwenye kichaa lazima awe mkali, akikimbia huku na huku na povu mdomoni. Wako walio hivyo. Lakini wengine hunyamaza, hujificha gizani, hukataa chakula, taya hulegea, sauti hubadilika, na miguu hupooza. Tena mtoto wa mbwa aweza kushikwa na ugonjwa huu sawasawa na mbwa mkubwa, na paka, bweha, fisi, punda na ng'ombe pia.

6. Kisa cha ndugu wawili

Tuwaze kisa hiki. Sitawapa watu wake majina, kwa kuwa chaweza kutokea katika nyumba yo yote.

Mbwa wa mzee mmoja alizaa. Watoto wawili walipotimiza majuma 8, mmoja alichukuliwa na mama mjane wa jirani, wa pili akachukuliwa na mvulana wa darasa la sita, naye akampa jina Tomi. Baada ya siku chache bwana mifugo alikuja kijijini kuwachoma mbwa sindano ya kuzuia kichaa. Mama mjane alimtia mtoto wake kikapuni akampeleka. Baba yake mvulana alisema, "Tomi angali mdogo, atachomwa mwaka ujao."

Bwana mifugo alipowaona watoto wa mbwa ni wachache, aliwaambia watu, "Wazazi wangu, hata wadogo waleteni. Ugonjwa hauulizi umri." Lakini siku ile ilipita, na Tomi hakuletwa.

Tomi akakua mchangamfu mno. Kila mvulana atokapo shule, Tomi alimpokea njiani, akamrukia na kumvuta suruali kwa meno. Alipokuwa na miezi minne, jioni moja mbwa mgeni aliingia uani. Alikuwa amekonda, akienda upande upande. Tomi alimwendea kwa furaha akitikisa mkia, na yule mgeni akamwuma sikio, kisha akaenda zake. Akapita kwa mama mjane, akamwuma na nduguye Tomi. Mama mjane alimpeleka mbwa wake kwa bwana mifugo siku ya pili, akachomwa tena sindano. Nyumbani kwa Tomi walitazama sikio, wakaona ni mkwaruzo tu.

Yapata majuma matatu baadaye, Tomi hakuja njiani. Mvulana alimkuta chini ya ghala, hataki maziwa. Alipomgusa, Tomi alimwuma mkono ghafula. Jeraha lilikuwa dogo, kama tundu la mwiba. Mvulana alishuka mto kwa siri akaosha damu, akavuta mkono wa shati ukafunika. Alikuwa amemsikia baba akisema kwamba mbwa aumaye watu atauawa, naye alimpenda Tomi.

Usiku dada yake mdogo aliona damu katika shati, akaenda kwa bibi yao. Bibi akamwita mvulana jikoni.

"Mjukuu wangu, nionyeshe mkono."

"Si kitu, Bibi, ni mwiba."

"Mwiba hauachi tundu mbili. Ni nani aliyekuuma?"

Mvulana alilia. "Ni Tomi, Bibi. Lakini alikuwa akicheza tu. Nakuomba usimwambie Baba."

Bibi alisema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe wampenda Tomi, nami nakupenda wewe. Lete maji na sabuni."

Wakaosha jeraha kwa sabuni na maji mengi muda wa dakika 15, bila kuharakisha. Baba akaamshwa. Hakumpiga mwanawe, wala hakumkaripia. Kulipopambazuka walikwenda hospitali, na mganga akamchoma mvulana sindano ya kwanza, akawapa siku za kurudi kwa sindano zilizobaki. Walirudi kila siku iliyowekwa, ingawa njia ilikuwa ndefu na mahindi yalikuwa yakingoja kupaliliwa.

Tomi alifungiwa chumba cha peke yake, asiguswe na mtu, na bwana mifugo akaitwa. Siku ya tatu Tomi alikufa. Mvulana alihuzunika sana, lakini yeye alipona. Na nduguye Tomi, aliyepelekwa kikapuni, aliishi, akawa mlinzi wa mbuzi wa mama mjane.

7. Sindano ilipatikanaje?

Zamani mtu aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa hakuwa na tumaini. Watu wa Ulaya walikuwa wakichoma majeraha kwa chuma cha moto. Katika nchi ya Ufaransa alikuwako mtaalamu, jina lake Louis Pasteur, aliyechunguza ugonjwa huu kwa miaka kadhaa akijaribu dawa yake kwa wanyama. Tarehe 6 Julai 1885 mama mmoja alimletea mwanawe, Joseph Meister, mwenye umri wa miaka 9, ambaye siku mbili kabla alikuwa ameumwa mahali pengi na mbwa mwenye kichaa. Pasteur alisita, maana dawa ilikuwa haijajulikana kwa watu. Lakini aliona kwamba asipojaribu, mtoto huenda atakufa. Mtoto akachomwa sindano 13 kwa siku nyingi mfululizo, wala hakuugua.

Kwa nini sindano yaweza kumponya mtu aliyekwisha kuumwa? Kumbukeni ile safari ya polepole. Sindano hufundisha damu ya mtu kupigana na virusi kabla havijafika kwenye ubongo. Ni kama wanakijiji wanaojulishwa kwamba adui yuko njiani: wakipata habari mapema, watalijenga boma. Wakipata habari adui akiwa ndani, wamechelewa. Ndiyo sababu mtoto afichaye jeraha hupoteza siku ambazo hazirudi.

Pasteur alikufa tarehe 28 Septemba 1895. Tarehe hiyo imewekwa kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na katika nchi nyingi watu hukumbushwa kuwapeleka mbwa wao kwa sindano. Hata hivyo wataalamu wakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote waliumwa na mbwa. Watoto wengi wamo kati yao. Wataalamu wameona tena kwamba, ikiwa mbwa 70 katika kila 100 wamechomwa sindano, ugonjwa hukosa njia ya kupita, ukakoma. Kwa hiyo mtu ampelekaye mbwa wake kwa bwana mifugo hajilindi yeye tu. Amlinda na jirani.

8. Mambo ya kushika

(a) Mpeleke mbwa wako kwa sindano, hata akiwa mdogo, na tena kila bwana mifugo atakapowaita.

(b) Usimguse mbwa usiyemjua. Akikujia, usikimbie, simama wima, mikono chini, mpaka apite.

(c) Usimsumbue mbwa alaye, alalaye, au mwenye watoto.

(d) Ukiumwa au ukikwaruzwa, hata kidogo, hata na mtoto wa mbwa wako mwenyewe, osha kwa sabuni na maji yatiririkayo dakika 15. Usitie majivu, wala majani, wala mafuta.

(e) Mwambie mtu mzima mara hiyo, mwende hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

(f) Usiache hata sindano moja katika zile ulizoamriwa.

(g) Mbwa aliyeuma afungiwe, asiuawe ovyo wala asiachwe azurure, na bwana mifugo aarifiwe. Akiwa mzima baada ya siku 10, hakuwa na ugonjwa katika mate yake siku ile alipouma.

Mtoto wa mbwa hujua kukupenda, lakini hajui kujilinda na ugonjwa, wala hawezi kukuambia kwamba ameumwa. Wewe ndiwe mwenye macho na kinywa kwa ajili yake. Mtazame masikio, miguu na tabia yake kila siku, na lililo geni uliseme.

Maswali

1. Kwa nini haifai kumtenga mtoto wa mbwa na mama yake kabla ya majuma 8?
2. Mtoto wa mbwa akikuuma mchezoni, ufanye nini, na kwa sababu gani?
3. Eleza jinsi minyoo ya maini ya kondoo inavyoweza kufika tumboni mwa mtoto.
4. Dalili zipi zaonyesha kichaa katika mbwa asiye mkali?
5. Ndugu wawili katika kisa waliumwa na mbwa yule yule. Kwa nini mmoja alikufa na mmoja akaishi?
6. Mvulana alificha jeraha kwa kumpenda Tomi. Je, kuficha huko kulimsaidia Tomi? Andika jibu lako kwa sentensi 6.
7. Waulize wazee wa nyumbani kwenu: mbwa wenu alichomwa sindano lini mara ya mwisho? Leta jibu shuleni kesho.